Barua ya wazi: Bunduki zinazokata miti pembezoni mwa Dar es Salaam

Kwa Msajili wa Silaha, kwa Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, kwa wakuu wa wilaya zetu tano, na kwa watendaji na wenyeviti wa mitaa yote ambayo juzi tu ilikuwa mashamba.

YAH: KUANGUSHA MATAWI NA MITI KWA RISASI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa ng'ambo ya Chanika, huku tunakopakana na Kisarawe, na kilichonifanya nikae chini niandike ni firigisi ya jogoo.

Jumapili moja baada ya Pasaka tulichinja, na mama yangu ndiye aliyekuwa akimsafisha kuku. Alipoipasua firigisi na kuimwaga kwenye sinia, akaniita. Katikati ya changarawe na punje za mahindi zilizolainika palikuwa na vidude vitatu vya mviringo, vyeusi, vidogo kama punje za mtama, ila vizito kuliko umbo lake. Nilikibana kimoja kwa koleo kikabonyea bila ubishi, na pale kilipochunika kikang'aa. Mama alikulia Rufiji enzi za wazee wenye magobole, hakuhitaji kuambiwa. Akasema, "Marisau haya, mwanangu. Kuku wako amekula risasi."

Jogoo yule hakuwa na jeraha lolote. Aliyadonoa ardhini pamoja na changarawe, maana kuku hana meno, anameza vijiwe ili vimsagie chakula tumboni. Na ardhi aliyokuwa akidonoa ni ya mpakani mwa kiwanja changu na shamba la jirani yangu, ambaye kwa miaka miwili sasa hapogoi miti yake kwa panga wala kwa msumeno. Anaipiga risasi.

Simtaji jina, na sitaki mtu amtaje. Ni mtu mzima ninayemwamkia kila asubuhi, alinisaidia gari usiku mke wangu alipozidiwa, na watoto wangu wanamwita babu. Ana ekari kadhaa alizonunua wakati huku kulikuwa na pori na njia za miguu. Miembe yake ni mikubwa, ya zamani, mingine ina matawi makavu yaliyokaa vibaya juu ya njia. Bunduki yake ni shotigani, ile inayomwaga marisau mengi kwa mlio mmoja, na leseni anayo. Aliinunua kwa ajili ya wezi, na kwa ajili ya ngedere waliokuwa wakitoka upande wa msitu wa Kazimzumbwi na kumaliza mahindi. Ngedere wamepungua. Bunduki ikabaki. Siku moja akaona tawi kavu lililomshinda mkwezi, akalipiga, likaanguka, na tangu siku hiyo hakumwita mkwezi tena.

Jumamosi asubuhi ndiyo siku yake. Anasimama chini ya mti, kijana wake wa shamba akiwa nyuma na mkoba wa risasi, ananyanyua mtutu juu, anapiga palepale tawi linapoungana na shina. Mlio wa kwanza unawanyamazisha ndege wote. Majani yanapukutika, vumbi la gome linashuka, tawi lipo vilevile. Anapiga tena. Kisha, sekunde chache baadaye, mimi niliye ndani nasikia kwenye bati langu sauti kama mtu aliyerusha konzi ya mchele juu ya paa. Hayo ni marisau yanayorudi chini. Mara ya kwanza nilidhani ni mvua. Mara ya pili binti yangu wa miaka minne alikuwa uani anacheza na ndoo, akanionyesha juu akasema, "Baba, mvua inapiga kelele." Nikamnyakua nikaingia naye ndani.

Waheshimiwa, najua wapo watakaosema marisau yanayoshuka kutoka juu yamekwisha nguvu. Marisau madogo ya kupigia ndege yakishuka yenyewe hayatoboi bati, hilo ni kweli, ingawa yakimpata mtoto jichoni ni habari nyingine. Lakini kwenye mkoba wa risasi hakuna marisau madogo peke yake. Kuna risasi za chembe kubwa za kupigia nguruwe pori, na kuna ile ya kipande kimoja kizito ambayo ndiyo anayoipenda kwa matawi manene, kwa sababu marisau madogo huchuna gome tu. Kipande kile kikipigwa kwa pembe ya juu, kikakosa tawi au kikalipasua na kuendelea, kinaweza kutua zaidi ya mita mia tano kutoka hapo. Na rafiki wa jirani yangu alipokuja na bunduki yake ya .22, ambayo watu huiona kama ya kuchezea, risasi yake hiyo ndogo husafiri zaidi ya kilomita moja. Kutoka kwenye mwembe ule, ukichora duara la kilomita moja, ndani yake ipo shule ya msingi, misikiti miwili, kanisa, gulio la Jumamosi na kituo cha bodaboda. Asubuhi ileile, Jumamosi ileile, gulio limejaa.

Kila mtu aliyefundishwa bunduki vizuri anaijua kanuni hii: usipige mpaka ujue unachokipiga na ujue kilichopo nyuma yake. Nyuma ya tawi kuna anga. Na risasi haikai angani.

Nilipozungumza naye kwa mara ya kwanza, kwa heshima, baada ya swala, alinitolea simu akanionyesha video. Wamarekani wanaangusha matawi kwa bunduki, wanacheka, wanashangilia. Sikubishana naye kwamba jambo hilo lipo, kwa sababu lipo. Huko Marekani, majimbo ya kusini, watu hupiga risasi matawi ya juu ili kuangusha mmea unaoota juu ya miti ambao hupambia nyumba wakati wa Krismasi. Hata wataalamu wa misitu, wakitaka majani au vikonyo vya kupandikizia kutoka kilele cha mti mrefu usiopandika, wamekuwa wakitumia bunduki kuangusha kijitawi kimoja. Ila tazameni wanakofanyia. Mtu yupo katikati ya ardhi yake ya mamia ya ekari, au ndani ya msitu ambao hauna nyumba. Nilimuuliza, mzee wangu, wewe kutoka mwembe wako hadi dirisha langu ni hatua ngapi? Tulizihesabu pamoja. Hatua sitini na mbili.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii, na naomba mnisikilize. Leseni za bunduki zilizotolewa kwa ajili ya mashamba ya huku zilitolewa wakati mashamba yalikuwa mashamba. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ya mwaka 2022 ikatukuta 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja waliongezeka ndani ya miaka kumi, na hawakwenda kukaa Posta wala Kariakoo. Wamekuja huku kwetu, Chanika, Msongola, Mbweni, Mabwepande, Goba, Kibada, Kisarawe II. Shamba la ekari nne limekatwa viwanja vya ishirini kwa ishirini, kila kiwanja kimepandishwa tofali, na aliyebaki na ekari zake katikati bado anajiona yuko shamba. Karatasi ya leseni haijui kwamba pembeni pameota mtaa. Ninyi ndio mnaoweza kuiambia.

Nilikwenda kwa viongozi wa mtaa. Nikajibiwa kwamba yule yuko ndani ya mipaka yake na silaha ni halali. Nikaenda kituoni, nikaulizwa kama kuna mtu ameumia. Nikasema hapana. Nikaambiwa basi, nyinyi ni majirani, mkayazungumze. Nilirudi nyumbani na lile swali likinizunguka kichwani. Kumbe mpaka aumie mtu ndipo lifunguliwe jalada? Silaumu kituo wala askari yule kijana aliyenisikiliza kwa adabu. Nadhani hakuwa na maelekezo. Kama angekuwa nayo angeyafuata.

Na sheria tunayo. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na mwaka uliofuata wamiliki wa silaha nchi nzima wakaitwa kuhakikiwa. Jirani yangu alikwenda, akapanga foleni, akarudi anajivunia, na alistahili kujivunia. Zaidi ya mara moja miaka ya karibuni Serikali imetangaza msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari silaha wanazozimiliki isivyo halali. Yote hayo ni mazuri. Lakini uhakiki uliangalia bunduki ni ya nani na namba yake ni ipi. Haukumuuliza mzee anaitumia kwa kazi gani Jumamosi asubuhi. Tena Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tangu zamani inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayefanya jambo kwa pupa au uzembe kiasi cha kuhatarisha maisha ya wengine. Haisemi mpaka wafe. Kwa hiyo siombi sheria mpya. Naomba iliyopo ifike hadi chini ya mwembe.

Ngojeni niwaambie pia kwamba hata kwa kazi ya kukata mti, njia yenyewe ni mbovu. Msumeno unakata nyuzi za mti kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Risasi inatoboa. Tundu la risasi kwenye tawi nene kama paja la mtu halilikati, linalidhoofisha, na tawi lililodhoofishwa ni la hatari kuliko lililokuwa kavu na zima. Mwaka jana mwezi wa nne alilipiga tawi la mwembe wa mpakani mara nyingi hadi likavunjika nusu, likaning'inia kwa gome. Risasi zikamwishia. Akasema litaanguka lenyewe. Lilining'inia siku kumi na moja juu ya njia wanayopita wanafunzi, na mvua za masika zikinyesha, mpaka usiku mmoja likaja na uzio na nguzo mbili. Kama lingekuja saa moja asubuhi, leo nisingekuwa naandika kuhusu firigisi.

Baadaye nilimleta fundi wa chenso kuumaliza mti ule. Aliukagua, akapitisha kiganja kwenye gome lenye vidonda, akauliza, "Huu umepigwa risasi?" Alipojua ndiyo, akafunga mashine yake. Chuma kikiwa ndani ya mti mnyororo hukatika, na mnyororo ukikatika ukiwa kwenye mwendo huruka usoni kwa anayeushika. Kwa hiyo mti umekuwa haukatiki kwa bunduki na haukatiki kwa msumeno.

Kuna na hili la sumu, ambalo ndilo lililonikosesha usingizi baada ya ile Jumapili. Kiswahili chetu kimeliita risasi lile dude linalotoka kwenye bunduki na kimeyaita risasi yale madini yenyewe, na kwa hapa jina halijakosea, maana marisau mengi yametengenezwa kwa madini hayohayo. Ndiyo yaleyale ambayo nchi nyingi zimeyaondoa kwenye petroli na kwenye rangi za nyumba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu huharibu ubongo ungali unakua. Kuku aliyemeza marisau hukaa nayo kwenye firigisi yakisagika pamoja na chakula na kuingia kwenye damu. Nyama ile hatukuila. Mama aliifukia nyuma ya choo, akasikitika sana, kwa kuwa jogoo alikuwa wa kumkaribisha mjukuu. Lakini ni kuku wangapi tuliwala kabla ya huyo? Mchicha tunaochuma pale mpakani je? Mwanangu anayefinyanga udongo na kisha kulamba vidole?

Na sauti. Msiidharau sauti. Jiji hili lina watu ambao mlio mkubwa hauwapiti masikioni tu. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka ghala la jeshi Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto, usiku, na watu wakafa, na watoto wakapotezana na wazazi wao gizani. Dada yangu alikuwa Gongo la Mboto usiku ule. Alitembea mpaka kunakucha, mtoto mgongoni, bila kujua anakwenda wapi. Alipokuja kunitembelea mwaka huu akakutana na Jumamosi ya jirani yangu. Mlio wa kwanza tu, alikuwa ameshika sufuria ya uji, akaiachia, akakimbilia nje peku akiita jina la yule mtoto, ambaye sasa ni kijana mkubwa yuko chuo Dodoma. Ilichukua saa nzima kumtuliza. Hajarudi kwangu tangu siku hiyo, tunaonana mjini.

Sasa ninachoomba. Naomba Msajili wa Silaha aandike kwenye masharti ya leseni, kwa Kiswahili chepesi, kwamba silaha haitumiki kuangusha matawi, matunda, nazi wala viota katika eneo lenye makazi ya watu, na kwamba atakayefanya hivyo leseni yake itasimamishwa hata kama hakuna aliyeumia. Sentensi moja inatosha. Askari wa kituoni akiwa nayo hataniuliza tena kama kuna aliyeumia.

Naomba kila leseni iliyotolewa kwa sababu ya ulinzi wa shamba ipitiwe upya pale shamba lilipogeuka mtaa. Maombi ya silaha hupitia mtaani na wilayani kabla ya kwenda juu. Basi na mapitio yaanzie kulekule, mwenyekiti wa mtaa afike, asimame chini ya mti, ahesabu hatua hadi nyumba ya kwanza kama tulivyohesabu sisi. Sisemi wanyang'anywe wote. Wapo wanaozitunza kwenye kasha la chuma na hazitoki mpaka siku ya kuhakikiwa tena.

Na naomba hili la tatu kwa moyo wote, kwa sababu bila hilo mzee wangu ataendelea kuona anaonewa. Rahisisheni njia ya halali ya kuondoa mti wa hatari. Mtu mwenye mwembe uliooza juu ya bati anahitaji mahali pamoja pa kwenda, aangaliwe mti wake, apewe ruhusa ndani ya siku chache, aelekezwe kwa fundi anayejulikana. Tawi likiwa limeegemea nyaya za umeme, TANESCO hulipogoa, na wengi mtaani kwangu hawakujua kwamba unaweza kuwaomba. Wakiliona hilo lipo na linafanya kazi, wachache sana watafikiria bunduki. Watu huogopa mlolongo wa karatasi kuliko wanavyoogopa risasi, na hilo linanihuzunisha kuliandika.

Kwa sababu mafundi tunao. Mwezi uliopita, kwa mwembe wangu mwenyewe, nilimwita mkwezi mzee kutoka upande wa Mvuti. Alikuja na kamba mbili, panga, msumeno wa mkono na kijana mmoja. Kwanza alizunguka mti akiupiga kwa mgongo wa panga, tok tok, akisikiliza palipooza. Kulikuwa na nyuki kwenye pango la shina, akasema tusubiri jioni, akawafukizia moshi wa makuti taratibu. Alfajiri yake akapanda. Tawi alilifunga kwanza kamba ya juu, kijana akaishika chini kwa kuizungusha kwenye shina jingine, ndipo akakata, kwanza kidogo kwa chini ili gome lisichanike, kisha kwa juu. Tawi likashuka polepole kama mtoto anayelazwa kitandani. Halikuvunja hata fito ya banda la kuku. Nilimlipa elfu themanini na akaniachia kuni za mwezi mzima. Jirani yangu alikuwa amesimama upande wake wa uzio anatazama mwanzo hadi mwisho. Hakusema neno. Ila kabla mkwezi hajaondoka alimwita pembeni wakazungumza, na sijui waliagana vipi, kwa kuwa Jumamosi iliyofuata nilisikia mlio mmoja tu badala ya mitano.

Mmoja bado ni mwingi.

Yale marisau matatu nimeyatia kwenye kikopo cha filimu cha zamani, pamoja na maganda manne ya risasi ambayo watoto waliyaokota njiani wakiyafanya filimbi. Nimeandika tarehe juu ya kila kimoja. Ofisi yoyote kati yenu ikiniita, nitakuja nayo, na nitamleta mama aeleze alichokiona kwenye sinia. Na kama mtapenda kuja ninyi, njooni Jumamosi, kabla ya saa tatu, msimame uani kwangu mkiwa mmevaa kofia ngumu.

Wenu katika ujenzi wa jiji hili,

Mkazi na mzazi, ng'ambo ya Chanika, Dar es Salaam